Kitambaa Kwenye Mpira wa Injini

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa, na sasa unalala chini ya magari bila kumwita mama. Sisi tupo. Mpwa wako, yule unayemwita Bosi, ameota jino la tatu na ananing'ata nalo. Usishangae mwandiko, naandika kwa kushoto.

Nimepata ujumbe wako kwamba unakuja kumwomba shemeji yako radhi, eti valvu ya kupumulia injini uliyotufungia kwenye gari huenda ilikuwa mbovu. Soma kwanza.

Unakumbuka siku ya kuichagua. Mume wangu alitaka mpira wa kupumulia uachwe wazi, moshi wa injini umwagike chini. Wewe ukagoma, ukasema injini iuvute moshi wake iuchome tena, ukatafuta valvu ya injini ile ile, si ya kufananisha. Ukanifundisha kila tukibadili oili niichomoe, niisafishe, niitikise sikioni: ikigonga ndani ni nzima, ikinyamaza nitupe. Yeye akacheka, akasema kumbe kaoa fundi wa kunyonyesha.

Jumamosi asubuhi alinichapa kwa mkanda wa feni, kisa uji umepoa. Akasema anampeleka mtoto kwa mama yake, nisimwone tena. Akamtupa kiti cha nyuma cha gari kama mfuko wa nguo. Nikashika mlango, akaubamiza vidole vyangu vikiwa ndani. Nilisikia mifupa ikilia kabla ya uchungu. Akaondoka amekanyaga mafuta hadi mwisho.

Hakumaliza mtaa wetu. Sili za injini zilifumuka, kijiti cha kupimia oili kikaruka, oili ikamwagikia bomba la ekzosi lenye moto, moto ukatoka chini ya boneti. Akatoka mbio peke yake. Peke yake, kaka. Nikafika mbio, mlango ulionivunja vidole ukagoma kufunguka, nikapasua kioo kwa spana ya magurudumu, nikamtoa mwanangu akikohoa masizi. Baba yake akanikamata nywele. Nikampiga kwa spana ile ile, mkono wake ukalegea. Nikampiga tena. Majirani ndio walionibandua juu yake.

Ndugu zake, wakidhani valvu yako ndiyo iliyowasha moto, waliapa kukuvunja vidole vyote kumi, usishike spana tena maishani.

Kaka, valvu yako ilikuwa nzima. Ijumaa niliitikisa, ikagonga. Kisha nikachana nepi, nikaisokomeza kwenye mipira yote miwili inayopumulia injini. Nilijua injini isiyopumua hutapika oili. Wiki nzima alikuwa akinitishia kumchukua mtoto. Nilitaka gari limfie njiani akienda kazini, akose la kumbebea. Sikuwaza kwamba kesho yake ndiyo siku yenyewe. Moto ule niliuwasha mimi, na mwanangu alikuwa ndani.

Leo nilikwenda wodini alikolazwa shemeji yako, nikayasema haya yote mbele ya ndugu zake. Kiapo chao cha kukuvunja vidole kikafa kama valvu isiyogonga. Yeye akanitemea mate. Nikajifuta, nikambeba mtoto, nikatoka.

Kwa hiyo njoo, lakini njoo utuchukue. Radhi usimwombe mtu.

Nisalimie wifi na watoto. Bosi anakubusu kwa meno yake matatu.

Mimi mdogo wako,
Fundi wa Kunyonyesha