Mrija wa Wafula

Jumamosi jioni, Kawangware, 1976

Tena leo. Nimetoka zamu ya zimamoto, nikapitia kwa Mama Nekesa kunywa busaa, pombe yake ya nafaka. Kwake chungu ni kimoja, kila mtu na mrija wake. Nilikuwa mteja pekee, lakini chunguni mlikuwa na mirija miwili, na wa pili ncha yake ya juu ilikuwa imelowa mate.

Ni wa Wafula, mwenzangu aliyefia kwenye moto kule Kibera. Tangu tumzike, huwa unaning'inia ukutani hapo kwa Mama Nekesa.

Nikafoka, "Nani ameutoa?"

Mama Nekesa akanitazama. "Ni wewe, baba. Kila siku unautoa, unakunywa nao, halafu unaongea kwa sauti ya Wafula."

Mimi sikumbuki. Hata kidogo.

Na kesho alfajiri gari la zimamoto naendesha mimi.