Mkwe Mtarajiwa Amenipa Kumi na Moja kwa Arobaini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, ingawa kwa hasira niliyo nayo sijui kama nitajuta. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa darasa la sita hapa Kigali, mwaka wa ishirini na tatu sasa, nilisoma kwa Kifaransa nikafundisha kwa Kifaransa mpaka tulipobadilishiwa lugha, na mwezi uliopita shule yetu ikatupa walimu wote mtihani wa sarufi ya Kiingereza, atakayekosa nusu ya alama anaondolewa darasa la sita anapelekwa chekechea akaimbe na watoto. Mshauri, kitenzi kinavaa s mtenda akiwa mmoja, halafu nomino inavaa s vitu vikiwa vingi, nani alipanga hivyo? Naambiwa samani hazihesabiki, na mimi nyumbani nina viti sita na meza mbili, nimevihesabu!

Aliyesahihisha ni Uwizeye, msichana anayefundisha Kiingereza, na huyo Uwizeye ndiye mchumba wa mwanangu Mutsinzi, kwao tumeshakwenda kujitambulisha, gusaba, yaani posa yenyewe, ni Jumamosi ijayo. Karatasi zilikuwa na namba bila majina, basi nikamfuata nikamwambia namba kumi na nne ni ya mama yako. Akainamisha kichwa, akasema, "Mama, mbabarira, nisamehe, iko ngumu. Mimi siwezi ongeza alama." Kumi na moja kwa arobaini! Mwalimu mkuu akabandika orodha mlangoni pamoja na majina, mzazi mmoja akanipa pole kama nimefiwa.

Tangu hapo msichana amekuja kwangu jioni tatu na bahasha mkononi, nikamwacha barazani mpaka akaondoka. Nimemwambia shemeji yangu Nsabimana, ambaye ndiye msemaji wetu, asiende kuposa. Mutsinzi hali chakula changu. Mkwe gani anaanza kwa kumvua nguo mama mkwe? Nikivunja posa hii nitakuwa nimekosea?

Athanasie, Kimironko

Athanasie, ndiyo, umekosea. Lakini kwanza pole, na ninaisema kwa moyo. Aliyebandika majina ya watu wazima mlangoni hana adabu, na kama hasira yako ingekwenda kwake ningekupigia makofi. Wewe ulimwogopa mkubwa ukamrukia msichana.

Hebu niambie, mwanafunzi wako akikufuata kukunong'oneza namba ya karatasi yake unamfanya nini? Si ungemburuta mpaka ofisini? Ulimtaka binti wa watu aibe, tena ukatumia jina la mama, ukijua fika kwamba mkwe hamwambii mama mkwe hapana. Naye akasema hapana, kichwa chini, kwa heshima zote. Angekubali na ikajulikana, leo asingekuwa na kazi, nawe ungekuwa wa kwanza kusema mwanao anaoa mwizi. Huyu mamaye kamfunza, usitake ulimwengu umfunze upya.

Na ile bahasha! Mwalimu wa miaka ishirini na tatu hujui walimu wanabeba nini jioni? Ni mazoezi, Athanasie, naweza kuapa. Amekuja kukufundisha nyumbani kwako, mbali na macho ya watu, usiaibike tena, na wewe hukumpa hata maji ya kunywa. Nimekasirika hapa nilipo.

Sasa sikiliza. Leo hii mpigie Nsabimana, mwambie gusaba iko palepale na kosa lilikuwa lako, usimsingizie mtu. Kesho mpelekee mwalimu mkuu barua, aibandue orodha ile na akupe mtihani wa pili, na wenzako walioanguka watie sahihi pamoja nawe. Halafu mwite Uwizeye, mpe kimoja cha vile viti sita, mwandalie chai, mwombe msamaha kwa kinywa chako mwenyewe, usimtume Mutsinzi. Kisha fungueni bahasha mfanye kazi. Ukianguka tena, nenda chekechea ukaimbe, wale nao ni watoto wa watu.

Kuhusu Mutsinzi usijidanganye. Kijana anayekataa chakula cha mama yake ameshachagua. Atamwoa huyu binti, uende usiende, na siku hiyo wageni watauliza mama wa bwana harusi yuko wapi.