Shujaa wa Khanga Nyekundu

Mpendwa kaka Elia,

Juzi nilikuwa Singida mjini kwa mwanangu. Wajukuu walikuwa wanaangalia filamu ya kuchekesha, ya shujaa mwenye nguvu za ajabu ambaye kila akiruka anagonga kitu. Walicheka mpaka wakagaagaa sakafuni. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Nimesharudi hapa Manyoni, lakini tangu siku hiyo sina raha, ndiyo maana nakuandikia.

Nakumbuka miaka ile ulipokuwa umepunguzwa kazi ya kupakia mizigo. Ulikuwa wakati wa ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, vitu vilikuwa vimeanza kujaa tena madukani, na kila mtu alikuwa anajaribu biashara. Ukaenda Dar es Salaam, ukarudi na televisheni, deki na jenereta. Ukajenga banda la video karibu na soko, kwa mabanzi na magunia, mlango mmoja, dirisha hakuna, ili giza liwe la kutosha. Mama alilizunguka mara moja tu, akasema kwa Kigogo kwamba umejenga ghala la kuwekea watu. Ukamcheka.

Filamu uliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya shujaa asiyefaa. Anaweza kubeba gari, lakini analiangushia mguuni mwake. Anaruka angani huku amefumba macho, kwa sababu anaogopa kuwa juu. Ulikuwa unasimama pembeni ya televisheni unatutafsiria, na maneno mengi ulikuwa unayatunga mwenyewe. "Huyu bwana ana nguvu za kuvuta treni," ulisema, "lakini kamba za viatu hufungwa na mama yake!"

Kisha ukaanza kumwigiza. Kila Jumamosi mchana, kabla ya kuwasha deki, ulijifunga shingoni khanga nyekundu ya mama, ukapanda juu ya pipa mbele ya banda na kupaza sauti: "Jamani msiogope, nimefika!" Halafu unaanguka. Watu wa sokoni waliacha vitunguu vyao wakaja kukutazama. Nilikuwa nauza karanga pale mlangoni, na nilijivunia kuwa mdogo wako.

Lakini nilikuwa naogopa pia. Jenereta lilikaa nyuma ya ukuta wa magunia, na ndani ya banda harufu ya petroli haikuisha. Magunia yalikuwa yameanza kulowa mafuta na kuwa meusi. Na ulikuwa umezoea kufunga mlango kwa waya ili wasiolipa kiingilio wasiingie.

"Kaka, toboa hata mlango wa pili," nilikuambia.

"Nikitoboa, mwanga utaingia. Watazamaji watakimbia."

"Na moto je?"

"Moto ukija, si nipo?" Ukapeperusha khanga.

Jumamosi ile ya mwisho upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi, vumbi limefunika soko lote. Banda lilijaa kuliko siku zote. Katikati ya filamu jenereta likaanza kukohoa. Watu wakapiga kelele picha isikatike, nawe ukatoka bado umevaa khanga, ukafunga tena mlango kwa waya, ukalimiminia petroli bila kulizima. Nilisikia mlio mmoja mzito, kama gunia la mtama lililodondoka kutoka kwenye lori.

Ukatokea mbele ukikimbia, ncha ya khanga inawaka. "Moto! Moto jamani! Toeni watu!"

Soko zima likapiga makofi. Mzee mmoja muuza mafuta ya alizeti alishika mbavu akisema, "Leo Elia kazidi!" Ulijikwaa kwenye pipa, ukaanguka, na vicheko vikaongezeka. Hakuna aliyesogea. Ukainuka, ukang'oa ule waya kwa mikono, ukaingia.

Watu wa kwanza walipotoka wakitapika moshi, ndipo soko likanyamaza. Wakaja na ndoo za maji na mchanga, lakini wewe ulikuwa ndani unachana magunia ya upande wa pili na kusukuma watu nje mmoja mmoja. Paa likashuka. Walikutoa kwa kukuvuta miguu.

Siku nne nilikaa kando ya kitanda chako hospitalini. Siku ya tatu uliniuliza, "Wametoka wote?"

"Wote, kaka." Hilo lilikuwa kweli.

Kisha ukasema, "Niliwaita. Mbona walikuwa wanacheka?"

"Hawakucheka. Zile zilikuwa kelele za moto."

Ulinitazama, sijui kama uliamini. Kesho yake alfajiri ukatuacha. Watu wengi walikuja kukuzika, na wale uliowatoa ndio waliobeba jeneza. Wengi wao leo wana wajukuu. Wakinikuta njiani huniamkia kwa heshima kubwa kwa ajili yako, nami huitikia na kuharakisha, kwa sababu kuna kitu hawakijui. Mama naye alikufa bila kukijua.

Nilikuwa hatua tano tu kutoka ule mlango. Ningeweza kuufungua kabla yako. Petroli niliisikia, ule mlio niliusikia, khanga niliiona inavyowaka. Na ulipoanguka kwenye lile pipa, kaka, nilicheka.

Nisamehe, kama huko uliko mtu husamehewa.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja nawe