Mikono Uliyoisugua Kabla ya Kila Sala

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, anayeturehemu tulio juu ya ardhi na mlio chini yake. Amani iwe juu yako, Mama Omari, mke wangu uliyenitangulia. Ninajua kwamba barua haifiki kaburini, na kwamba kinachokufikia ni dua. Dua sijaiacha hata siku moja. Lakini lipo jambo ambalo nikiliombea tu bila kukusimulia, kifua changu hakitulii.

Sisi huku Handeni tu wazima. Mahindi ya bondeni yamebeba vizuri, na mjukuu wako ameanza kukaa.

Siku ya arobaini yako watu walijaa ua mzima. Baada ya dua yalibaki masufuria makubwa ya pilau na ya bada, ule ugali wa muhogo, yameshika ukoko. Rehema, mke wa Omari, akakaa kwenye karai amevaa glavu za mpira, kwa kuwa ana pumu ya ngozi mikononi kama uliyokuwa nayo wewe. Mdogo wako Saumu alipomwona akapaza sauti: "Jamani, huyu anaosha masufuria au anampasua mgonjwa?" Mwingine akadakia: "Mwacheni daktari, asije akatuchoma sindano!" Ua mzima ukacheka. Rehema naye akacheka, kisha akazivua. Akasugua masufuria yote kwa sabuni ya unga na nyuzi za chuma mpaka alasiri. Mimi nilikuwa barazani na wazee wenzangu. Nilisikia, nikanyamaza, nikisema moyoni kuwa huo ni utani wa wanawake.

Kesho yake vidole vyake vilipasuka vikatoa damu. Hakuweza hata kumwogesha mtoto. Siku ya tatu akaja mbele yangu, akapiga goti: "Baba, naomba nikapumzike kwa mama." Akambeba mtoto, akaenda kwao Masuguru, Korogwe. Aliniaga kwa adabu mno, nami nikaogopa kwamba hatarudi. Omari alikuwa kazini Hale, sikumngoja. Nikapanda basi mwenyewe.

Nilifika wakati wa adhuhuri. Rehema alikuwa bombani anatia udhu, na nilichokiona kabla hajaniona ndicho kilichonifanya niandike. Alikuwa anaisugua ile mikono yenye vidonda kwa kipande cha sabuni ya kufulia, machozi yanamtoka. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona unajiumiza?" Akajibu bila kuinua macho: "Natoa mafuta, Baba. Nilipaka dawa asubuhi. Marehemu Mama alinifundisha kwamba mafuta yasipotoka, udhu hausihi. Alisema ndivyo ulivyofundisha darasani."

Mama Omari. Nilikaa chini palepale, kwenye saruji yenye maji.

Ni kweli nilifundisha kwamba kitu kinachozuia maji yasiifikie ngozi huharibu udhu. Nilikusudia nta, gundi, rangi ya kucha, unga uliokaukia kwenye kucha. Mafuta yaliyokwisha kunywewa na ngozi hayazuii maji. Yakizidi, yanafutwa kwa kitambaa, inatosha. Jambo hili analijua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nami sikulitamka. Ninyi wanawake mlikaa nyuma ya pazia. Hamkuwa na desturi ya kuuliza, wala mimi sikuwa na desturi ya kuwauliza kama mmeelewa. Ukaenda ukasugua. Mara tano kwa siku, miaka yote ile. Nilikuona pale bombani nikadhani ni usafi wako, na nikakusifu kwa watu.

Mara moja tu ulisema, "Mikono yangu na maji hawapatani tena." Nikakujibu, "Subiri, kuna malipo." Malipo yapo, sina shaka. Lakini kukuuliza mikono ina nini kungenigharimu nini?

Nilimwambia mama yake Rehema, Rehema mwenyewe akisikia, kwamba nimekuja kuomba radhi kwa kunyamaza kwangu na kwa somo nililolieleza nusu. Kisha tukaenda zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima, alinitazama mimi zaidi kuliko alivyomtazama mgonjwa. "Mzee, ugonjwa huu hauambukizi, wala si uvivu. Unaamshwa na sabuni kali na kulowa muda mrefu." Akamwagiza avue pete kabla ya kuosha vyombo, maana sabuni hujificha chini yake, avae glavu za pamba ndani ya zile za mpira, wala asikae nazo muda mrefu akatoka jasho, maji yawe vuguvugu, akimaliza ajikaushe hadi katikati ya vidole na apake mafuta ya mgando papo hapo. Majivu na ndimu aviache kabisa. Nilikumbuka ndimu nilizokuwa nakuletea mwenyewe, ili mikono yako isinuke samaki.

Rehema amerudi. Masufuria yenye ukoko sasa naosha mimi, baada ya chakula cha mchana. Jirani alichungulia akaniambia, "Mwalimu, kumbe umeolewa!" Nikamjibu kwamba Mtume naye aliitumikia nyumba yake, kisha nikamwomba anisogezee maji. Saumu alikuja kumtaka radhi Rehema. Akafua nepi zote za mtoto, akaondoka.

Darasani nilisema mbele ya wanaume na wanawake: "Somo la udhu nililieleza nusu, na mke wangu aliumia kwa nusu hiyo." Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Na hina je, mwalimu?" Na nyingine: "Na mafuta ya nazi?" Na nyingine, na nyingine, hadi ikaadhiniwa alasiri. Kumbe walikuwa nayo maswali muda wote huo.

Mke wangu, wewe huwezi tena kunitamkia msamaha, nami siwezi kuishika mikono ile nikaipaka mafuta. Namwomba Aliye nawe akuridhishe mpaka uniridhie. Ninaahidi kwamba, kwa uhai nitakaojaaliwa, sitafunga kitabu kabla sijauliza upande wa pazia, wala hakuna atakayeumia ndani ya nyumba yangu nikamwambia asubiri kabla sijamtazama.

Kwaheri, Mama Omari. Mwenyezi Mungu akupe raha isiyo na maumivu, awatunze Omari, Rehema na mtoto wao, na aibariki kila nyumba ambamo yupo anayeumia na hajaulizwa. Amina.

Mumeo.