Mechi Saba Bila Bao

Kwako Mwongeli, binti yangu,

Huku Kitengela tuko salama. Mama yako ameanza kuvuna sukuma, na mvua imejaza matope njia ya uwanjani.

Timu yangu ilicheza mechi saba bila bao. Vijana wakifika golini walipiga juu ama nje, na mimi kila jioni niliwakimbiza raundi tu.

Jumanne kapteni wetu, Kiilu, aliniuliza kwa heshima, "Koch, mbona tunakimbia tu? Tangu mwezi wa pili hatujafanya mazoezi ya kupiga golini."

Nilimkaripia. Halafu nikaona aibu, nikamwambia kitu ambacho hata wewe nilikuficha. Mpira ukivuka katikati ya uwanja, siuoni tena. Ningewafundisha aje?

Alinishika mkono, akanipeleka hadi karibu na goli. "Simama hapa," akasema. "Sisi tutapiga, wewe utuambie."

Kutoka hapo niliona miguu yao vizuri. Wote walikuwa wanaegemea nyuma wakipiga. Tulirekebisha hilo jioni tatu. Jumamosi timu ya Bisil ilitufunga mawili, lakini tulipata letu moja.

Mwisho wa mwezi uje unipeleke kwa daktari wa macho, vile umekuwa ukiniomba nami nikikwambia naona sawa. Mama yako nitamwambia leo tukila.

Barua hii ameniandikia Kiilu. Tulipofika pale pa macho alisimamisha kalamu, akaniuliza kama kweli nataka ujue. Nikamwambia aandike.

Ni mimi babako,
Kivuva