Kovu la Shavu la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Picha za harusi ya mdogo wangu zimefika kwenye kompyuta yangu. Mia mbili na kumi na mbili. Bosi kabandika karatasi kwenye skrini: "Toa kovu la bi harusi. Zote. Albamu inachapwa Ijumaa."

Toa kovu! Kama anasema toa takataka. Nikamfuata, nani kaagiza? Eti wenye harusi. Wenye harusi gani? Akasema mteja ni mteja, mimi kazi yangu kipanya, siyo maswali.

Namjua aliyeagiza. Mama mkwe wa bi harusi! Siku ya harusi alikuwa anamgeuzageuza mdogo wangu mbele ya kamera – geukia huku mwanangu, huku ndiko kuzuri.

Miaka sita hapa studio nafuta chunusi za watu, nang'arisha meno, napunguza matumbo, na napiga mluzi. Mkuki kwa nguruwe.

Jumanne, 5 Machi

Sijagusa hata moja. Bosi kapita mara tatu. Nimemwambia kompyuta nzito. Kichwa chake ndicho kizito.

Kovu lenyewe si kubwa. Linaanzia chini ya jicho la kushoto, linashuka mpaka taya. Maji ya moto. Alikuwa na miaka minne, mimi tisa. Nyumbani wanajua alivuta birika mwenyewe.

Hakuvuta. Tuligombania kigoda, nikamsukuma akaangukia birika. Mama aliporudi nikasema kavuta, na yeye akaitikia kwa kichwa huku analia. Basi. Mpaka leo.

Sasa mtu baki aje alifute kama doa la chai? Hapana!

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa, nikamwaga yote: uso wa mdogo wangu una kasoro gani, mama? Akasema, kwa upole kabisa, yeye aliomba tufute ule waya wa taa nyuma ya meza kuu. Habari ya kufuta kovu haijui.

Aibu! Nimeomba radhi mpaka ulimi umekauka.

Jioni mdogo wangu kapiga.

"Kaka, umemgombeza mama wa watu bure. Ni mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nimechoka kudanganya. Kila anayeliona anauliza nani alikuunguza. Miaka ishirini najibu nilijimwagia. Wanangu nao wakifungua albamu, wakiuliza – niwadanganye?"

"Ungewaambia ukweli."

"Ukweli si wangu, Kaka. Ni wako."

Hakupaza sauti hata kidogo. Bora angenitukana! Nimepiga ngumi ukuta, vidole vimevimba. Nina hasira naye kwa kunisitiri. Mwenye hasira alipaswa kuwa yeye.

Alhamisi, 7 Machi

Nafuta. Nachukua ngozi ya shavu la kulia, naibandika la kushoto. Picha baada ya picha. Kazi safi, jicho halioni mshono. Najichukia.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne asubuhi. Zimekwisha. Kila picha inayoonyesha shavu la kushoto nimeifuta kovu. Zinazoonyesha la kulia tu niliziruka, hazina kazi.

Na hapo ndipo nilipokosea. Ya themanini na saba – anavishwa shela chumbani, kaipa kamera shavu la kulia. Niliiruka. Nimeikagua sasa hivi kabla ya kutuma. Pembeni kuna kioo cha kabati. Nimekuza.

Kovu limo kwenye kioo, zima. Na nyuma yake mimi, nimeshika pindo la shela, naangalia chini. Yeye ananiangalia mimi.

Dakika mbili tu za kazi. Mkono uko kwenye kipanya, hausogei.

Mdogo wangu yupo mapokezi, kaja kuipitisha albamu. Namsikia anamuuliza Bosi, Kaka yuko wapi? Bosi anapaza sauti: "Tayari?"

Nimeacha picha wazi, imejaa skrini nzima. Viatu vyake hivyo, vinakuja kwenye korido.