Siku Ambazo Hazikuhesabiwa

3 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Mama bado anakohoa asubuhi, lakini anagombana na kila mtu, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Magoti yako yanasemaje na hizo ngazi?

Nina shida ya kazi. Kaka zangu wanataka kuuza uwanja wa matofali. Wamenipa msimu huu mmoja: nikishindwa, wanauza. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani ameagiza matofali elfu nane ya vyumba viwili vya madarasa, ayapate kabla Julai haijaisha. Nikianza kufyatua mapema, mvua itayayeyusha. Nikichelewa, hayatakauka kwa wakati. Redio kila siku inasema mvua itanyesha hapa na pale. Sasa mimi sijui ni hapa au ni pale.

Nimelifungua daftari la baba la falaki. Ameandika: “Mvua kubwa humalizika siku ya mia tatu.” Lakini tangu afariki mwaka juzi, hakuna aliyehesabu. Wewe na yeye babu aliwafundisha pamoja. Leo ni siku ya ngapi?

Mwanao


10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananiambia nihamie chini, na mwenye nyumba anasema chini hakuna nafasi. Mpe mama yako pole ya kikohozi na pole zaidi kwa wanaogombana naye. Barua hii naiandika kwa mkono. Binti wa jirani ataipiga picha na kuituma, kama kawaida yetu.

Umefanya vyema kuuliza. Watu hudhani falaki ni ramli ya kutafuta mwizi. Yetu ni hesabu. Mwaka hufuata jua, hugawanywa makumi makumi, na kila kumi lina tabia yake: hili la upepo wa kusini, lile la manyunyu, jingine la joto. Ukiijua siku, unajua cha kutarajia.

Nimehesabu kila siku tangu nilipoondoka huko, miaka arobaini. Dirisha langu linatazama ukuta wa jengo jingine, mbingu ninayoiona haitoshi kitambaa cha leso, lakini kalenda ninayo na kalamu ninayo. Leo ni siku ya mia mbili na tisini. Ya mia tatu itakuwa tarehe 20. Fyatua tarehe 21, bila hofu.

Baba yako mdogo


29 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi miili haijambo.

Tulianza tarehe 21 kama ulivyosema. Mama Kalibu, fundi wetu mkuu, alisita. Alisema udongo bado unanuka mvua. Nikamwambia Baba Mdogo amehesabu. Tulifyatua elfu tatu kwa siku tatu. Tarehe 24 mvua ikanyesha kutwa nzima, na tarehe 26 ikarudi kumalizia. Turubai mbili hazikufua dafu. Uwanja umekuwa uji. Kaka mkubwa alikuja akasimama ukingoni, akaniuliza, “Dada, sasa unalima mpunga?” Mdogo wake alicheka mpaka akakaa chini. Wameshaleta mtu wa kupima kiwanja.

Sikuandika ili kukulaumu. Nimekaa na daftari, nikahesabu kuanzia siku ya mwisho aliyoiandika baba kwa mkono wake. Kwa hesabu yake, leo ni mia mbili tisini na tisa. Kwa yako ni mia tatu na tisa. Nimerudia mara nne. Nani mkweli?

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Pole sana. Habari yako imeninyima hamu ya chakula.

Lakini haki isemwe. Ndugu yangu alikuwa mtu wa shughuli nyingi: uwanja, watoto, misiba ya watu. Mtu wa namna hiyo husahau. Mimi huku sina shughuli. Nimeumwa, nimelazwa, nimehama nyumba saba, na sijaruka hata siku moja. Kama kuna tofauti ya siku kumi, kosa litafute kwenye daftari.

Baba yako mdogo


2 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema ule chakula.

Nimelitafuta kosa kama ulivyoniagiza. Nilichokuta ni viduara vya penseli pembeni, kimoja kila baada ya miaka minne. Tangu mwaka ulioondoka ni kumi kamili. Kando ya cha kwanza baba ameandika kuhusu lile kundi la nyota: “Kilimia kimechelewa siku moja. Leo sikuhesabu, nimekingoja.” Vingine vimeandikwa “nimengoja” tu.

Mvua imekatika tangu juzi. Tumeanza kufyatua upya, mimi mwenyewe nikishika kalibu ya kufyatulia.

Mwanao


19 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu siku kumi na saba. Si ugonjwa.

Nilifundishwa, na bado nikakosea. Mwaka wa jua unazidi siku mia tatu sitini na tano kwa robo. Robo nne ni siku moja. Asiyeiacha hiyo siku ipite bila kuihesabu hutangulia mbele ya majira, na mimi nimetangulia mara kumi. Nakumbuka asubuhi moja babu yako alimwambia baba yako, “Leo usihesabu.” Nilidhani mzee amechoka. Wao walitoka nje kutazama nyota, mimi nikabaki ndani kunakili jedwali, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilimsingizia marehemu usahaulifu. Nisamehe kwa niaba yake.

Daftari linasema upepo wa kusini hukaza siku ya mia tatu arobaini. Kwa hesabu ya baba yako ni tarehe 9 Julai. Midomo ya tanuri ielekee huko. Lakini usiwashe kwa neno langu. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kitafute mashariki kabla hakujapambazuka, kisha uamue.

Kalenda ya ukutani bado sijaisahihisha. Nilishika kalamu, nikairudisha mezani.

Baba yako mdogo


25 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama amepona kikohozi, ugomvi umebaki.

Kilimia tulikwisha kukiona tarehe 14 Juni, mimi na Mama Kalibu. Ilikuwa kabla ya barua yako, ila sikutaka kuandika mpaka nione mwisho wa kazi. Tanuri niliwasha tarehe 7 Julai, siku mbili kabla ya ile ya daftari, maana vumbi la njiani lilikuwa limeanza kuelekea kaskazini asubuhi hadi jioni. Yamepasuka mia tatu hivi, tulikuwa tumezidisha. Mwalimu mkuu amepokea elfu nane jana, akagonga moja moja kama anayenunua nazi. Mtu wa kupima kiwanja hajarudi. Kaka mkubwa alipita leo, hakutaja mpunga. Aliniuliza aezeke nyumba yake lini.

Sasa hesabu naiandika mimi, chini ya mwandiko wa baba. Leo ni siku ya mia tatu hamsini na sita. Najua kwenye kalenda yako leo mwaka mpya wa falaki umeanza. Huku bado siku kumi. Usizifute ulizoziandika. Hizi kumi tu usizihesabu. Kaa, tungoje wote.

Mwanao